Jiliwa: mkono wa tatu wa seremala

Huko Mkongani, katika kaunti ya Kwale, fundi hana haja ya kwenda mjini kununua meza ya useremala. Mwembe uliozeeka ukiangushwa, hupasuliwa mbao, zikaachwa kivulini hadi zikauke barabara, kisha meza ikaundwa papo hapo nyumbani. Kinachokosekana mara nyingi ni jiliwa, ile bano ya chuma ambayo vijana wa jua kali huiita vaisi.

Pasipo jiliwa, ubao hushikwa kwa mguu. Wachongaji wengi wa Lamu hukaa chini wakaubana ubao kwa nyayo, na kazi yao inajulikana. Lakini hao wameizoea tangu utotoni. Mwanafunzi aliyekwenda likizo kwa babu yake, patasi ikimponyoka, huishia kwenye kidole. Mikono yote miwili na ikae nyuma ya makali.

Je, lifungwe wapi? Anayetumia mkono wa kulia alifunge upande wa kushoto, karibu na mguu wa meza, maana randa yake husukumwa kuelekea huko. Jiliwa lililo mbali na mguu huitikisa meza nzima.

Sasa vipimo, ambapo wengi huharibu. Taya za chuma zisifike juu ya meza. Ziache chini kwa sentimita 1 hivi, la sivyo randa itagonga chuma na makali yake yatavunjika. Tuseme jiliwa lako lina sentimita 6 kutoka ncha ya taya hadi pale linapokazwa kwa bolti. Ongeza ile 1, zinakuwa 7. Ikiwa ubao wa meza una unene wa sentimita 4, basi chini yake tia kipande cha sentimita 3 kabla ya kulikaza jiliwa. Kipande hicho wengi hukisahau!

Taya la ndani huchimbiwa ukingoni mwa meza. Likishavikwa ubao mgumu, uso wake uwe sawasawa na ukingo, ili ubao mrefu unaopigwa randa uegemee meza kotekote. Taya la nje nalo livikwe vivyo hivyo, kwani chuma kitupu huacha alama. (Jiliwa la gereji, lenye meno, ndilo baya zaidi kwa mbao.)

Misumari haifai hapa, na skrubu hulegea upesi katika mti laini kama mwembe. Toboa kwa keekee, upenyeze bolti 4 kutoka juu, vichwa vizame ndani ya ubao, nati zikazwe chini.

Ukibana kitu upande mmoja tu wa taya, jiliwa hupinda. Weka upande wa pili kipande chenye unene uleule. Na kwa kuwa hewa ya pwani hula chuma, futa vumbi la mbao kwenye parafujo yake kila wiki, kisha upake grisi kidogo. Ikizidi, vumbi hugandamana nayo.