Sentensi Isiyokatika

Mwishoni mwa Desemba 2021, Job Ndugai, wakati huo Spika wa Bunge la Tanzania na mbunge wa Kongwa, alizungumza jijini Dodoma kuhusu tozo na mikopo ya serikali. Katika hotuba hiyo akatahadharisha kwamba iko siku nchi itapigwa mnada kwa madeni. Kipande hicho ndicho kilichozunguka kwenye simu za watu. Januari 3, 2022 akawaita waandishi wa habari, akaomba radhi, akaeleza kuwa video ilikatwakatwa na kwamba alikuwa akihimiza ulipaji wa kodi na tozo. Januari 6 akajiuzulu.

Siasa za jambo lile zilikuwa nyingi, tuziache. Tutazame ufundi wa kusema. Anayekwenda kwenye mnada wa mifugo wa Msalato, Dodoma, hahitaji kuelezwa kupigwa mnada ni nini. Anamwona ng'ombe na mnunuzi papo hapo. Maneno yenye picha kali hivyo hubaki, na ufafanuzi uliotangulia hupukutika. Mwandishi wa redio ana sekunde chache hewani, na mara nyingi hahitaji hila yoyote ili apotoshe maneno yako. Anachukua tu sentensi iliyonona.

Kwa hiyo kila sentensi unayoitoa mbele ya maikrofoni iweze kusimama peke yake. Tuseme wewe ni ofisa kilimo wa Bahi, umeulizwa kuhusu mvua. Ukisema, “Mwaka huu kuna njaa,” kisha ukaongeza, “iwapo mvua haitanyesha hadi Februari,” umeshampa mwandishi kichwa cha habari. Anza na sharti: “Mvua isiponyesha hadi Februari, mtama utapungua.” Hapo hata mkasi mkali utapata kazi kutenganisha. Na usirudie neno la mwandishi kwa kulikanusha. Akikuuliza kama mmeshindwa kazi, ukajibu “hatujashindwa”, kesho utasomwa ukikana kushindwa. Mwambie mmefanya nini.

Tarakimu ni mtego wa peke yake. “Elfu mia mbili na tano” mmoja ataandika 205,000, mwingine 200,005, na wote wamekusikia vizuri. Ziandike kwenye karatasi, umkabidhi. Na jambo lisilo la kuandikwa, mwambie hivyo kabla hujalisema, naye akubali; ukishalitamka umechelewa. (Kwa maoni yangu, bora usiliseme kabisa.)

Kumwomba mwandishi akuonyeshe habari nzima kabla haijatoka ni kumkosea, maana habari ni yake na mhariri wake. Lakini kumwomba akusomee maneno yako aliyoyanukuu ni halali, na wengi hukubali. Rekodi mazungumzo kwenye simu yako pia, kwa uwazi. Ukinukuliwa vibaya, mpigie mhariri siku hiyo hiyo, umtajie sentensi yenyewe na dakika iliyopo kwenye rekodi. Asiposikia, Baraza la Habari Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1995, hupokea malalamiko na kusuluhisha pande mbili bila kwenda mahakamani.