Mushahara wa meneja: nani anaupigia kura?



Nilikaa siku moja katika mukutano mukubwa wa koperative ya kahawa. Jina lake nitaliacha. Watu walikuwa wanangojea kusikia ristourne itakuwa ngapi. Mama mumoja akasimama akauliza: "Meneja wetu anakulaka ngapi ku mwezi?" Pakawa kimya. Prezidenti akajibu kwamba hiyo ni siri ya ofisi, kisha akapita ku jambo lingine.

Haiko siri. Mushahara wa meneja, ule wengine tunamuita gérant, unatoka katika kila kilo unayoleta. Tuchukue mufano. Meneja analipwa dola 200 ku mwezi. Kwa mwaka ni dola 2 400. Kama koperative imeuza kilo 20 000 za parche, kila kilo imetoa senti 12 za dola juu ya mushahara ule. Kama mavuno yameanguka, mumeuza kilo 8 000 tu, kila kilo inatoa senti 30. Mulimaji mwenye kuleta kilo 150 alikuwa anachangia dola 18. Sasa anachangia dola 45. Mushahara haukupanda hata faranga moja, lakini mufuko wake umeguswa. Mama yule alikuwa na haki ya kuuliza.

Hata kwa wenye makampuni makubwa ya Ulaya ulizo hilo limeleta kelele. Ku Uingereza, tangu sheria ya mwaka 2002, wenye hisa wa makampuni makubwa wanapigia kura ripoti ya mishahara ya wakubwa kila mwaka. Mwaka 2003, wenye hisa wa GlaxoSmithKline, kampuni ya dawa, walikataa mupango wa malipo ya mukurugenzi wao Jean-Pierre Garnier. Mupango ule ulikuwa umuachie mamilioni hata kama anafukuzwa kazi. Kura za kukataa zilipita nusu kidogo tu. Na wakati ule kura ilikuwa shauri tu: sheria haikulazimisha kampuni kuifuata. Lakini haya ni kitu kikubwa, na kisha mupango ukabadilishwa. Ku Uswisi walienda mbali zaidi. Tarehe 3 Machi 2013 raia wenyewe, karibu 68 kwa mia, walikubali kwamba kura ya wenye hisa juu ya malipo ya wakubwa iwe ya lazima, na kwamba feza za kuagana na mukubwa anayeondoka zikatazwe.

Sasa muangalie tofauti. Kule, kwa kawaida, mwenye hisa elfu iko na kura elfu. Mwenye hisa moja anapiga kelele tu. Kwetu, sheria ya OHADA juu ya koperative, iliyopitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010, inasema memba mumoja, kura moja, hata kama mwingine ana parts sociales mingi. Kongo iliingia OHADA mwaka 2012, kwa hiyo sheria hiyo ni yetu. Mama mwenye miti 200 ya kahawa na baba mwenye miti 3 000 wanalingana siku ya kura. Wenye hisa wadogo wa London hawana nguvu hiyo.

Na tusichanganye watu wawili. Memba wa komite anachaguliwa. Kazi yake ni ya kujitolea, anarudishiwa tu gharama alizotumia: moto, chakula cha njiani, simu. Meneja ni mutumishi, analipwa. Shida kubwa niliyoiona ku koperative zetu ni pale prezidenti anajifanya pia meneja, ao anamuweka shemeji yake. Hapo anayelipa na anayelipwa wanakula ku sahani moja. Kamati ya uangalizi (commission de surveillance) iliwekwa juu ya mambo kama hayo, lakini mahali pengi inalala.

Sisemi meneja alipwe kidogo. Meneja mwenye mushahara wa kumudanganya atajilipa mwenyewe ku mizani, na ku mizani hakuna PV. Bora mulipe vizuri na mujue munalipa nini. Angalieni sana ile bonasi ya kilo. Nimeona meneja anaongezewa feza kwa kila kilo anayokusanya, basi akapokea kila kitu: parche yenye unyevu wa kupita 12 kwa mia, yenye maganda, yenye harufu ya kuoza. Kilo zilikuwa nyingi, munyunuzi akakata bei, bonasi ikabaki kwake na hasara ikabaki kwa wamemba. Kama munataka kutoa bonasi, ifuate kilo ambazo munyunuzi amezikubali na kuzilipa, si kilo zilizoingia depo.

Mukutano wa kila mwaka unapaswa kufanyika katika miezi 6 yenye kufuata mwisho wa mwaka wa mahesabu, na barua ya kuwaita ifike siku 15 mbele. Siku hizo 15 njo wakati wa kazi. Muende ofisini kutazama mahesabu. Muombe kamati ya uangalizi iandike ku karatasi moja: mushahara wa meneja, bonasi, simu, moto ya kazi, deni alizochukua ku kase. Gawanyeni jumla kwa kilo zilizouzwa. Tena muombe jambo hilo liwekwe ku ordre du jour mbele mukutano haujafika, kwa sababu kile hakiko ndani, prezidenti atawaambia kitangojea mwaka ujao.

Siku ya mukutano, mupige kura juu ya mushahara wa mwaka unaokuja, si wa mwaka uliokwisha. Feza iliyokwisha kuliwa, kura haiirudishe. Meneja atoke inje kidogo wakati munazungumuza. Ndugu zake wakae lakini wajitaje. Kura ya siri ni muzuri, kwa kuwa ni nguvu kuinua mukono mbele ya mutu anayepima kahawa yako. Hesabu ya ndiyo na ya hapana iandikwe ku PV, pamoja na kiasi chenyewe kwa tarakimu na kwa maneno.

Mama yule alirudi mwaka uliofuata na karatasi yake mukononi. Safari hii walikuwa kumi na wawili.