Sura ya Sita: Taa Zinapocheza

Swali ninaloulizwa na wazazi kuliko jingine lolote ni hili: "Mwalimu, hiyo ina damu sana?" Wanauliza kuhusu tamthilia ambayo mtoto ameisikia shuleni na sasa anaitaka kwa machozi, na kwa miaka kadhaa sasa tamthilia hiyo mara nyingi ni Stranger Things. Nikijibu kwamba damu ndiyo kitu cha mwisho ninachokiangalia, wapo wanaoona nakwepa. Sikwepi. Watoto walioletwa kwangu kwa kukosa usingizi baada ya kutazama kitu, karibu wote hawakutaja damu. Walitaja mlango uliofunguka kidogo. Walitaja uvungu wa kitanda. Mmoja, mvulana wa darasa la nne, alitaja taa ya sebuleni kwao.

Mzazi anayehesabu damu anapima kinachomkera yeye mwenyewe. Mtu mzima akiona jeraha hufikiria maumivu, hospitali, msiba. Mtoto mdogo hajawahi kwenda huko. Hapa inabidi nikae kidogo, kwa sababu ndipo makosa mengi yanapoanzia.

Joanne Cantor wa Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison alitumia miongo kadhaa kuchunguza hofu ambayo watoto huipata kwenye televisheni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliwauliza wazazi wa watoto wadogo ni kipindi gani kinawatisha wanao, na wengi wakakitaja The Incredible Hulk, ambacho mtu mzima hawezi kukidhania: daktari mpole akikasirika hugeuka jitu la kijani, kisha jitu hilo huwaokoa wanyonge. Watoto wakubwa walijua kwamba jitu likitokea, msaada umefika. Wadogo waliingiwa na hofu palepale, mtu waliyemzoea alipobadilika mbele ya macho yao. Kwa mtoto wa miaka minne kinachoonekana ndicho kilichopo. Ukimwambia kwamba ndani ya lile jitu bado yumo daktari, umempa mzigo ambao akili yake haijaweza kuubeba.

Sasa tazama upande wa pili. Tarehe 20 Novemba 1983 kituo cha ABC cha Marekani kilionyesha The Day After, filamu inayowafuata watu wa Kansas na Missouri kabla na baada ya mabomu ya nyuklia. Waliitazama watu wapatao milioni 100. Cantor na wenzake waliwapigia wazazi simu usiku uliofuata. Watoto wa chini ya miaka 12 ndio waliotulia zaidi. Vijana walitikisika kuliko wao, na wazazi kuliko wote. Kitisho cha filamu ile kilikaa katika wazo, na wazo hilo lilimtaka mtazamaji awe tayari anajua dunia ilivyo.

Kwa hiyo hofu haipungui tu mtoto anavyokua. Inahama. Mpaka kwenye miaka saba hivi inakaa kwenye sura, sauti kali na mtu anayebadilika. Kuanzia miaka minane mpaka kumi na miwili inahamia kwenye yale yanayoweza kumpata yeye: kutekwa, mwizi, moto, mama kufa. Baada ya hapo inaingia ndani zaidi: kutengwa na wenzake, hatia, kifo chenyewe. Mzazi anayesema "huyu mkubwa, haogopi tena" anamwona hapigi kelele kwa sababu ya zimwi, akadhani kazi imekwisha.

Na lile neno letu la haraka, "ni uongo tu, ni filamu"? Cantor na Barbara Wilson walilipima kwa mchawi wa The Wizard of Oz. Watoto wa miaka tisa hadi kumi na mmoja walioambiwa wakumbuke kwamba si kweli walipata nafuu. Wa miaka mitatu hadi mitano halikuwasaidia kitu. Mdogo mkumbatie, mpe maji, muwashie taa. Maelezo yatafuata akiwa na umri wa kuyapokea.

Nilikusudia kutoka hapa niende moja kwa moja kwenye alama za umri. Siwezi, kwa sababu kuna kipindi kimoja kinachozieleza alama hizo kuliko kanuni yoyote ya bodi.

Usiku wa 31 Oktoba 1992, BBC ya Uingereza ilirusha Ghostwatch. Iliandikwa na Stephen Volk na kuongozwa na Lesley Manning, na ilikuwa imerekodiwa muda mrefu kabla. Lakini ilivaa mavazi ya matangazo ya moja kwa moja: Michael Parkinson, mtangazaji aliyeheshimika nchi nzima, ameketi studio; Sarah Greene yuko na kamera ndani ya nyumba ya kawaida ya mama na mabinti wawili, nyumba inayosemekana ina pepo. Namba ya simu iko kwenye skrini, watazamaji wapige. Pepo huyo anaitwa Pipes, yaani Mabomba. Jina hilo lina asili yake: watoto waliposikia vishindo usiku, mama yao aliwaambia wasiogope, ni mabomba ya maji tu.

Isome tena hiyo. Ile kauli ambayo sisi wazazi huitumia kufukuza hofu, mwandishi aliichukua akaifanya jina la pepo.

Kipindi kilianza baada ya saa tatu usiku, saa ambayo Waingereza wameiweka kuwa mpaka wa vipindi vya watu wazima. Hakikuwa na mauaji ya kuonekana wala maiti zilizokatwakatwa. Ukikipima kwa damu, kinapita. Mwaka 1994 madaktari waliandika katika jarida la British Medical Journal kuhusu wavulana wawili wa miaka kumi waliopata msongo wa kiwewe baada ya kukitazama. Kipindi cha kubuni, kisicho na damu, kilikuwa kimewaacha katika hali ambayo kwa kawaida tunaitafuta kwa watu walionusurika ajali.

Kwa nini? Kwa sababu ya Sarah Greene. Watoto wa Uingereza walimjua. Alikuwa mtangazaji wa Blue Peter, kisha wa Going Live! ya Jumamosi asubuhi. Kwao alikuwa kama dada mkubwa anayekuja nyumbani kila wiki. Mwishoni mwa Ghostwatch anaingia kwenye stoo iliyo chini ya ngazi, mlango unajifunga, harudi. Baadaye ilibidi ajitokeze katika vipindi vya watoto ili waone kwamba ni mzima. Watengenezaji walichukua kila kitu ambacho mtoto hukishika ili ajue yuko salama, yaani nyumba, mama, mtangazaji anayempenda, hata simu ya kuomba msaada, wakaingiza pepo ndani ya kila kimoja.

Basi nikipima tamthilia ya kutisha naanzia hapo. Natazama ni vitu gani vya nyumbani kwa mtoto imevigusa, na kama imemrudishia kabla ya kumwacha.

Alama ya umri haiwezi kukwambia hilo. Stranger Things ina alama ya TV-14, na wazazi huisoma kama cheti cha daktari. Mfumo huo ulianza Marekani mwaka 1997, na wanaobandika alama ni wenye vipindi wenyewe. Kenya ina Bodi ya Uainishaji wa Filamu, na Tanzania ina Bodi ya Filamu. Ni vyombo vya umma na kazi yao naiheshimu. Lakini hata bodi iliyo makini kuliko zote hupima kilichomo kwenye filamu. Mtoto wako haijamwona.

Tuingie Hawkins, mji wa kubuni wa Stranger Things. Ndugu wawili, Matt na Ross Duffer, waliitoa tamthilia hii mwaka 2016. Usiku wa 6 Novemba 1983, majuma mawili tu kabla ya ile The Day After kurushwa, Will Byers wa miaka 12 anafika nyumbani kwa baiskeli akifukuzwa na kitu. Anakimbilia kibanda cha nyuma. Balbu ya kibanda inawaka kwa nguvu kupita kiasi, na mtoto hayupo tena. Baadaye mama yake, Joyce, anatundika taa za Krismasi nyumba nzima na kuchora herufi ukutani, na mwanawe anamjibu kwa kuwasha taa herufi kwa herufi. Ni ubunifu wa hali ya juu. Taa inayocheza ina maana mtoto yu hai. Taa ileile inayocheza ina maana zimwi linakuja kupitia ukuta huohuo.

Katika mji ambao umeme hautikisiki, hilo ni jambo la kwenye skrini. Kwetu taa hucheza jioni yoyote. Umeme unapungua nguvu, friji inaguna, balbu inafifia na kurudi, na watu wazima wanaendelea kula. Mtoto aliyetazama Hawkins jana haendelei kula. Sijawahi kuona mwongozo wowote wa wazazi ulioandikwa ng'ambo ukitaja jambo hili, na sishangai, lakini mzazi wa Mbagala au Kayole anapaswa kuliweka juu ya orodha yake.

Kisha kuna fumbo lenyewe. Sehemu ya tatu ya msimu wa kwanza inaishia polisi wakiopoa mwili kwenye maji ya machimbo ya mawe, mwili wa mvulana. Mtu mzima anajua mchezo huu. Anajua bado kuna sehemu tano na waandishi hawajamaliza. Mwishoni mwa sehemu ya nne tunaonyeshwa kuwa ni mwili bandia. Lakini nyumba nyingi zina sheria ya sehemu moja kwa siku, kesho shule. Sheria hiyo nzuri inamlaza mtoto wa miaka kumi na maiti ya mwenzake kichwani, na hakuna aliyemwambia kwamba fumbo halijaisha. Mabibi zetu walitutisha kwa mazimwi yanayokula watoto, lakini msimuliaji hakunyanyuka kwenye mkeka kabla zimwi halijapasuliwa tumbo na watu hawajatoka wazima. Sehemu hizo mbili zitazamwe siku moja.

Kwenye msimu wa nne, wa 2022, nasimama kabisa. Adui wake, Vecna, huwawinda vijana wenye majonzi au hatia iliyofichwa. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kutokwa damu puani, kuota ndoto mbaya. Max amefiwa na kaka yake wa kambo na anajilaumu moyoni, na ndiyo njia ambayo adui anaipitia. Mifupa inavunjwa hewani na watu wanaiona, nao wanaulalamikia ukatili huo kwa haki. Mimi kinachonitisha ni kwamba mtoto aliyefiwa kweli naye huumwa kichwa na kuota ndoto mbaya, na tamthilia inamwambia hizo ni dalili kwamba zamu yake imefika. Mtoto wa namna hiyo asiutazame msimu huo, hata akiwa na miaka kumi na sita, mpaka majonzi yatulie. Msimu huo ulitoka tarehe 27 Mei, siku tatu baada ya watoto 19 na walimu wawili kuuawa shuleni huko Uvalde, Texas. Sehemu yake ya kwanza inafunguliwa na watoto waliouawa, na Netflix iliwawekea watazamaji wa Marekani onyo la pekee. Alama ya umri haikubadilika. Kilichobadilika ni msiba uliokuwa ndani ya nyumba za watazamaji.

Wapo watakaosema nimesahau kubwa, kwamba filamu hizi hufungua mlango wa majini. Nimelisikia hilo mara nyingi mno na sina subira nalo. Nimeona mtoto aliyekuwa hajalala siku nne akisomewa na kuombewa huku akielezwa kwa kirefu kwamba kile alichokiona kwenye skrini kipo na sasa kimo chumbani mwake. Hofu iliyokuwa na siku chache za kuisha ilithibitishwa na watu anaowaamini. Mwaka 2019 tulifanya vivyo hivyo kwa kasi ya WhatsApp: picha ya Momo, ile sura ya macho yaliyotumbuka, ilisambazwa na wazazi kwa onyo kwamba inawaamuru watoto wajidhuru. Ilikuwa sanamu ya msanii wa Kijapani, Keisuke Aiso, na ushahidi wa watoto kudhurika kwa amri zake haukuonekana. Watoto wengi waliiona sura hiyo kwa mara ya kwanza kwenye simu ya mzazi aliyekuwa anawakinga.

Basi, kwa tamthilia hii, msimamo wangu ni huu. Chini ya miaka kumi, hapana. Miaka kumi mpaka kumi na miwili, msimu wa kwanza peke yake, mchana, mzazi akiwa kwenye kochi hilohilo bila simu mkononi, na awe ameshaitazama mwenyewe. Msimu wa nne usubiri miaka kumi na minne, kwa sharti nililolitaja.

Yule mvulana wa darasa la nne alikuwa na miaka kumi, umri ambao maelezo yanaanza kufanya kazi, ila hayatoshi yakiachwa peke yake. Nilimwomba mama yake ampe daftari. Kila taa ikicheza aandike saa, kisha aandike nini kilitokea baadaye. Wiki mbili baadaye aliniletea kurasa tatu zilizojaa. Safu ya kulia ilikuwa na neno moja, "hakuna", limerudiwa kutoka juu hadi chini, isipokuwa mstari mmoja ambapo aliandika kwamba baba alitoka kwenda kununua umeme.