Mchango wa bima uliokatwa ni amana

Karani wa mapokezi katika zahanati ametuuliza: kila mwezi anakatwa mchango wa bima ya afya, lakini mwajiri hauwasilishi. Mwanawe akiugua, je, aazime kadi ya mtoto wa muuguzi mwenzake?

Tunasema: asiazime. Dhulma haiondolewi kwa udanganyifu. Lakini lawama kubwa ni ya mwajiri. Katika Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanza mwaka 2001, mchango ni asilimia 6 ya mshahara, nusu kwa nusu. Alichomkata karani si mali yake. Ni amana, na Suratun-Nisaa, aya ya 58, inaamrisha amana zirejeshwe kwa wenyewe. Basi alipe malimbikizo, na hadi kadi itoke, amtibu mtoto huyo bure. Toba bila ya kurejesha haki ya mja haitimii.

Wallahu a'lam.