Mtoto Amemaliza Chuo, Sasa Tumsaidie Kuanza



Katika vijiji vyetu vya Karatu, mtoto akimaliza chuo huwa ni furaha kubwa. Mbuzi huchinjwa, majirani hualikwa, na picha ya joho hutundikwa ukutani. Ni haki, maana wazazi wameuza ng'ombe, mbaazi na vitunguu ili kumfikisha hapo. Lakini baada ya sherehe huja mambo ambayo hatukuyatazamia. Mwezi wa kwanza baba hungoja. Mwezi wa sita huuliza. Mwaka ukipita hununa. Mtoto naye huona haya kupita mbele za watu. Yafaa tuyazungumze mapema, kabla nyumba haijagawanyika.

Tuanze na yule aliyepata kazi. Wazazi wakisikia mshahara wake, hupiga hesabu ya mabati na saruji. Mabati yasipofika, husema, "Ametusahau." Je, tumemwuliza anakatwa nini? Mtazame mtumishi wa serikali aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Katika kila shilingi 100,000 za mshahara wake wa msingi, shilingi 15,000 hurudi Bodi mpaka deni liishe. Mfuko wa pensheni huchukua 5,000 na bima ya afya 3,000. Tayari zimekwenda 23,000, na kodi ya mapato bado. Kisha kuna pango, chakula na nauli. Nafuu iliyopo ni kwamba ile asilimia 6 iliyokuwa ikiongezwa juu ya deni kila mwaka ilifutwa mwaka 2021.

Kwa hiyo, kijana, usifiche. Keti na baba na mama, waonyeshe hati yako ya mshahara, useme utaweza kuleta kiasi gani na lini. Kidogo kinachojulikana huleta amani kuliko ahadi kubwa isiyotimizwa.

Tena, kituo cha kazi huenda kisiwe kile alichokitumaini. Mwalimu wa Karatu akipangiwa Endulen au Nainokanoka, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, watu husema, "Ni hapo tu." Lakini maisha ya huko ni mengine kabisa. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1959 ili wafugaji na wanyama wa porini waishi katika nchi moja. Ukingo wa kreta uko zaidi ya meta 2,000 juu ya bahari, na ukungu wake huingia mpaka mifupani. Kulima hakuruhusiwi, basi hana hata tuta la mchicha. Unga na maharagwe hununuliwa Karatu na kupandishwa kwa gari. Nyati na tembo wako njiani, kwa hiyo jioni hatembei peke yake. Watoto wa darasa la kwanza huja na Kimasai, naye ana Kiiraqw na Kiswahili. Chuoni alifundishwa kuandaa somo. Namna ya kuwaamkia wazee wa boma sharti ajifunze kwao. Mwaka wa kwanza serikalini ni wa majaribio. Nyumbani nasi tuuhesabu hivyo hivyo, tumtumie debe la mahindi badala ya lawama.

Sasa tumfikirie yule ambaye hajapata kazi. Asidhaniwe kuwa mvivu. Nafasi ni chache na waombaji ni wengi, hata siku hizi walimu huitwa kwenye usaili. Aendelee kuomba kila nafasi inapotangazwa. Lakini je, akingoja, mikono yake ikae bure?

Tumkumbuke Mwalimu Julius Nyerere. Mwaka 1952 alirudi kutoka Chuo Kikuu cha Edinburgh akiwa na shahada. Kabla ya kuanza kufundisha shule ya Pugu mwaka 1953, alikwenda kwao Butiama akajenga nyumba kwa mikono yake mwenyewe. Msomi wa Ulaya alikanyaga udongo mbele ya watu wa kijiji chake, wala shahada yake haikupungua.

Kwetu pia kazi zipo. Kule Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, vitunguu hulimwa kwa maji ya mifereji. Wakulima wengi hujua idadi ya magunia waliyouza, lakini hawajui faida waliyopata baada ya kulipa mbegu, mbolea, maji na vibarua. Kijana aliyesoma hesabu anaweza kumwandikia baba yake daftari la shamba, tena akashika jembe pamoja naye. Vyama vyetu vya kuweka na kukopa navyo vinahitaji mtu wa kuandika sawasawa. Malipo yatakuwa madogo, lakini atakuwa anajifunza kazi, wala hatasahau aliyosoma.

Nanyi wazazi, msimcheke anaposhika jembe, wala msiseme, "Tulikusomesha bure." Neno hilo limewafukuza vijana wengi wakaenda mijini bila mpango. Mpeni kipande cha shamba, mpeni na muda. Nawe kijana, kipokee kipande hicho kwa moyo mweupe. Wahenga walisema: mchagua jembe si mkulima.