Uvimbe wa Taya na Kirusi Kisichotoka Mwilini

Mara nyingi dalili ya kwanza huwa jino. Mtoto wa miaka sita analegea gego, na mzazi anadhani ni meno ya utoto tu. Siku chache baadaye shavu moja limefura na ufizi unasukumwa nje. Hiyo ni saratani ya Burkitt, ambayo uvimbe wake unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Kuhangaika na jino peke yake ni kuupa uvimbe nafasi.

Denis Burkitt, daktari wa Mulago, Kampala, aliueleza mwaka 1958. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr, wakiwa London, wakakuta kirusi kipya ndani ya seli za uvimbe uliotoka Uganda. Kirusi hicho huambukizwa kwa mate, na karibu kila mtu mzima duniani anacho. Kikishaingia hakitoki, hujificha maisha yote kwenye chembe nyeupe za damu. Basi mbona kiwatese hasa watoto wa kando ya Ziwa Viktoria, wakiwemo wa Homa Bay na Migori?

Jibu liko kwa mbu. Malaria ya mara kwa mara hudhoofisha askari wa mwili wanaokidhibiti kirusi kisizuke, na papo hapo huzichochea chembe zinazokificha zigawanyike bila kupumzika. Katika pilikapilika hiyo, kromosomu ya 8 huweza kukatika na kipande chake kuunganishwa kwenye ya 14. Jeni inayoamuru seli ikue hubaki imewashwa.

Huko Kisumu, watoto wachanga walilinganishwa na wenzao wa Nandi, ambako malaria ni haba. Wa Kisumu walikipata kirusi mapema zaidi, na walioambukizwa kabla ya miezi 6 walibaki nacho kwa wingi damuni.

Ng'ambo ya mpaka wa Migori, huko Mara Kaskazini nchini Tanzania, watoto walipewa klorokwini ya kuzuia malaria kuanzia 1977 hadi 1982. Uvimbe ulipungua, kisha ukapanda tena. Lakini ulikuwa umeanza kushuka hata kabla ya vidonge, na shaka ikabaki.

Septemba 2019, Kenya ilizindua chanjo ya malaria huko Ndhiwa, Homa Bay. Watoto waliodungwa mwanzoni sasa wamefika umri ambao uvimbe huu hujitokeza zaidi, na takwimu za wodi za saratani za watoto zinastahili kufuatiliwa kwa makini kuanzia sasa.