Je, Wajua Katuni Ilivyokilaghai Kikokotoo?

Wazazi wengi hapa Sumbawanga huzima runinga katuni ikianza, eti mtoto akafanye hesabu. Mara nyingine wanazima hesabu yenyewe. Tangu mwaka 2014 Ubongo Kids, katuni ya Kiswahili inayotengenezwa Dar es Salaam, imekuwa ikifundisha hisabati na sayansi waziwazi, kwa nyimbo. The Simpsons, katuni ya Marekani, yenyewe huificha hisabati katikati ya vichekesho.

Katika kipindi chake kimoja cha mwaka 1998, mhusika Homer anaonekana mbele ya ubao wenye mstari huu: 3987 kwa kipeo cha 12, jumlisha 4365 kwa kipeo cha 12, ni sawa na 4472 kwa kipeo cha 12. Mwanahisabati Mfaransa Fermat alishadai mnamo 1637 kwamba kipeo kikizidi 2, namba kamili zinazozidi 0 haziwezi kulingana hivyo. Mwingereza Andrew Wiles alilithibitisha dai hilo, na kazi yake ikachapishwa 1995. Lakini jaribu kwenye kikokotoo cha tarakimu 10: pande zote zinatoa jibu lilelile!

Mwandishi wa The Simpsons, David X. Cohen, msomi wa fizikia na kompyuta, alitunga programu ya kusaka namba zinazokaribiana kiasi hicho. Jibu kamili lina tarakimu 44, na tofauti inaanzia kwenye ya 11, ambayo kikokotoo hakiionyeshi.

Penseli inauumbua uongo huo. Jumlisha tarakimu: 3+9+8+7 ni 27, 4+3+6+5 ni 18. Jumla ya tarakimu ikigawanyika kwa 3, namba yenyewe pia hugawanyika; hizi zote zinagawanyika, kwa hiyo vipeo vyake na jumla yake lazima vigawanyike kwa 3. Sasa 4+4+7+2 ni 17. Haigawanyiki. Na kwa kuwa 3 ni namba tasa, izidishe 4472 kwa yenyewe mara utakazo, 3 haitaingia kamwe.

Kanuni hiyo watoto wetu wanaikariri kwa ajili ya mtihani, kisha inaachwa ife. Inauma, hasa Ufipa hii ya mahindi, ambako mkulima hushuhudia gunia likijazwa lumbesa, yaani kupita kiasi, na kulipwa kama gunia moja, ilhali sheria inataka lisizidi kilo 100. Aliyezoea kuhakiki namba mwenyewe hatanyamaza mbele ya mzani.

Uhakiki wa namna hii unatumika pia kwenye namba za kadi za benki, misimbo ya bidhaa na namba za vitabu.

Walimu, uandikeni ubaoni mstari wa Homer bila kusema ni wa uongo. Waachieni watoto waukamate.